Timu ndogo inaposhinda nyumbani, mwili wa shabiki hupitia nini?

Mei 6, 2019, Lipuli FC waliichapa Yanga mabao 2-0 katika Uwanja wa Samora, Iringa, kwenye nusu fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam. Lipuli walikuwa katika msimu wa pili tu tangu wapande Ligi Kuu. Juni 1 walicheza fainali kule Lindi, wakafungwa 1-0 na Azam FC, na msimu uliofuata Lipuli, maarufu kama Wanapaluhengo, wakahangaika mpaka wakashuka daraja mwaka 2020. Pamoja na yote hayo, ukikaa na mashabiki wa Iringa wakianza habari za mpira, siku ile ya Samora haikosi kutajwa.

Kwa nini ushindi mmoja wa timu inayohangaika ukae moyoni kuliko ushindi ishirini wa timu kubwa? Sehemu ya jibu imo ndani ya fuvu la kichwa.

Miaka ya 1990 mwanasayansi Wolfram Schultz alipima chembe za ubongo wa nyani zinazotoa dopamini, kemikali inayohusika na motisha na kujifunza. Nyani alipopewa tone la juisi bila kutarajia, chembe hizo zilichangamka ghafla. Alipokwisha kuzoea kwamba taa ikiwaka juisi inafuata, chembe zilichangamka kwa taa, na juisi yenyewe ilipofika zikatulia kana kwamba hakuna jipya. Taa ikiwaka na juisi isije, zilinywea chini ya kiwango chake cha kawaida. Kwa maneno mengine, chembe hizi haziangalii ukubwa wa zawadi peke yake. Zinapima tofauti kati ya ulichotegemea na ulichopata.

Sasa turudi uwanjani. Shabiki wa kigogo anayecheza na timu ya mkiani ameshaiweka mfukoni alama tatu kabla ya mechi kuanza. Timu yake ikishinda, hakuna jipya, na ikitoka sare ni msiba. Shabiki wa mnyonge amekwenda uwanjani akiomba tu wasifungwe mengi. Novemba 29, 2022, Yanga walifika Ubaruku, wilayani Mbarali, wakiwa wamecheza mechi 49 za ligi bila kupoteza, wakakutana na Ihefu waliokuwa wakipigania kubaki kwenye ligi. Ihefu walishinda 2-1. Kwa hesabu ya dopamini, furaha ya namna hiyo ni kubwa kupita kiasi kwa sababu karibu hakuna aliyeitegemea.

Furaha yenyewe lakini hutanguliwa na mateso. Mtazame shabiki katika dakika kumi za mwisho, timu yake ikiongoza kwa bao moja. Viganja vimelowa jasho ilhali upepo wa Iringa unampuliza, mdomo umekauka, amesimama bila kujua alisimama saa ngapi. Kila mpira wa kona anashika kichwa. Tezi zilizo juu ya figo zake zinamwaga adrenalini na kotisoli, moyo unakimbia, mishipa inabana, presha inapanda. Mwili unajiandaa kupigana au kukimbia, na yeye amebanwa jukwaani. Hata homoni ya testosteroni hufuata matokeo. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1998 ulipima mate ya wanaume waliotazama fainali ya Kombe la Dunia ya 1994 kati ya Brazil na Italia. Kwa mashabiki wa Brazil iliyoshinda homoni hiyo ilipanda, kwa wale wa Italia ikashuka, na hakuna hata mmoja wao aliyegusa mpira.

Kwa kijana mwenye afya, mchakamchaka huo wa moyo hupita salama. Kwa wengine si hivyo, na hapa naomba wasomaji wenye wazazi wanaopenda mpira wasome kwa makini. Wakati wa Kombe la Dunia la 2006, madaktari wa Munich nchini Ujerumani walihesabu dharura za moyo katika mji huo na maeneo jirani. Siku ambazo Ujerumani ilicheza, dharura hizo ziliongezeka mara 2.66 zikilinganishwa na siku za kawaida. Kwa wanaume ziliongezeka mara 3.26, na kilele chake kilikuwa katika saa mbili za kwanza tangu mechi ianze. Walioathirika zaidi ni wale ambao tayari walikuwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo.

Tatizo letu ni kwamba wengi hawajui kama wana ugonjwa huo, au shinikizo la damu linalouchochea. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kuwa takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Tanzania ana shinikizo la juu la damu, ugonjwa unaoweza kukaa mwilini miaka mingi bila dalili yoyote. Mzee wa Kihesa au Mlandege hapa Iringa anayeiona timu yake ikishinda kwa tabu anaweza kuwa mmoja wao. Kipimo cha presha huchukua dakika chache katika kituo chochote cha afya. Anayetumia dawa asiiruke siku ya mechi kwa sababu eti anakwenda kunywa ulanzi na wenzake, na ulanzi wenyewe unywewe kwa kiasi, kwa kuwa pombe nyingi nayo hupandisha presha na kuvuruga mapigo ya moyo. Maumivu ya kifua yanayobana, yanayopanda shingoni au kushuka mkononi, pamoja na jasho jembamba na kukosa pumzi, si ya kusubiri kipenga cha mwisho. Mwenye dalili hizo akimbizwe hospitali mara moja.

Kuna upande mwingine wa mshangao ambao hauzungumzwi sana vijiweni. Wanauchumi David Card na Gordon Dahl walichunguza taarifa za polisi na matokeo ya mpira wa Kimarekani, wakaona kwamba timu ya nyumbani iliyotarajiwa kushinda ikifungwa, ukatili wa wanaume dhidi ya wake na wapenzi wao uliongezeka kwa asilimia 10. Kipigo kilichotarajiwa hakikuleta ongezeko hilo. Takwimu hizo ni za Marekani, lakini hasira ya kibanda umiza inayopelekwa nyumbani tunaijua, na haina udhuru.

Basi kwa nini mtu aendelee kushabikia timu inayofungwa kila wiki? Watafiti wa Uingereza waliokusanya majibu ya mashabiki kupitia simu zao walikuta kwamba uchungu wa kufungwa ni karibu mara mbili ya raha ya kushinda. Kwa hesabu hiyo, mwenye timu dhaifu anakula hasara msimu mzima.

Ila hesabu hiyo inapima saa chache za kabla na baada ya mechi. Mwanasaikolojia Daniel Wann wa Chuo Kikuu cha Murray State, Marekani, amefuatilia mashabiki kwa miaka mingi, na anaona kwamba waliojifunga na timu ya mahali wanapoishi huelekea kuwa na upweke mdogo na kuridhika zaidi na watu wanaowazunguka. Faida hiyo haitegemei sana timu kushinda. Inatokana na kuwa miongoni mwa wenzako kila siku. Muuza mboga Soko Kuu, kondakta wa daladala ya Ipogolo na mwalimu wa watoto wako wote waliumia Jumamosi kama wewe, na mna la kuzungumza Jumatatu. Anayeshabikia timu ya mbali anaweza naye kuipata faida hiyo, lakini hasa pale anapokaa pamoja na mashabiki wenzake. Akitazama peke yake kwenye simu, anabaki na presha bila wenzake wa kumshika bega.

Iringa imejaa mashabiki wa Simba na Yanga, na hakuna ubaya wowote. Lakini viongozi na wadau wa mkoa wanapokaa kujadili fedha za timu ya nyumbani, pamoja na mapato ya milangoni wahesabu na hili: timu hiyo huwapa watu wazima wa mji huu sababu ya kukaa pamoja kila wiki, hata msimu inapofungwa.