Kucheza na Kuchezwa: Dhana ya Mchezo katika Mkoa wa Mtwara

Mwaka 1938 mwanahistoria Mholanzi Johan Huizinga alichapisha Homo Ludens, kitabu kinachodai kuwa utamaduni huchipuka katika mchezo. Miongoni mwa lugha alizozirejelea ni Kijapani, ambamo asobi ni mchezo, burudani na mapumziko, na kitenzi chake huingia hata katika usemi wa heshima: tendo la mtu mkubwa huelezwa kana kwamba analicheza. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa kitenzi cheza, kama kinavyotumika Mtwara, nacho kinabeba uzito unaozidi burudani.

Tuanze na bao, lenye mashimo 32 na kete 64. Mchezaji hufungwa na kanuni za namua na mtaji. Lakini bao likiisha, huinuka barazani akiwa yule yule.

Katika ngoma ya mapiko mambo ni tofauti. Kwa Wamakonde, wa Newala na wa ng'ambo ya Ruvuma nchini Msumbiji, mchezaji huvaa kinyago, na kijadi wanawake na wasiopita jandoni hawapaswi kumjua. Ngoma inapochezwa, mtu huyo hahesabiwi kuwapo. Aliyepo ni lipiko. Mchezaji amebadilika, ila kwa muda tu.

Unyagoni kitenzi hiki hufika mbali zaidi. Husemwa kuwa msichana "amechezwa". Katika "kucheza bao" yambwa ni mchezo. Katika "kumcheza mwali" yambwa ni mtu. Kauli ya kutendwa inadhihirisha kuwa watendaji ni wengine, yaani makungwi na jamaa, na kuwa mwali ndiye anayepokea athari ya tendo. Athari hiyo haifutiki: aliyechezwa hawezi tena kuwa hajachezwa.

Tofauti hii si ya kisarufi tu. Katika mijadala kuhusu unyago, wapo wanaoutetea kwa hoja kwamba ni ngoma tu, na wapo wanaoubeza kwa hoja hiyo hiyo. Lugha ya wahusika wenyewe inazikataa hoja zote mbili. Ikiwa kuchezwa ni kufanywa mtu mzima, basi swali linalostahili kuulizwa ni mwali anachezwa akiwa na umri gani, na anafundishwa nini. Anayesema "ni mchezo tu" amelikwepa swali hilo kabla ya kulijibu.