Mguu Usiouma Unahitaji Macho ya Wengine

Mtu anayelalamika kwamba nyayo zake zinawaka moto usiku huambiwa mengi kabla ya kuambiwa ukweli. Ataambiwa ni uzee, ni baridi yabisi, ni damu chafu, ni jini. Atachomwa sindano ya diklofenaki ambayo haiponyi neva na inaweza kuumiza figo, na usiku wa pili moto utakuwa pale pale. Huku Ijara, kaunti ya Garissa, kutoka Masalani hadi Hulugho, kutoka Kotile hadi Sangailu, wapo watu wanaoishi hivi mwaka baada ya mwaka bila kujua kwamba tatizo lao lina jina na lina matunzo. Kitaalamu huitwa nyuropathia ya pembezoni, yaani kuharibika kwa neva zinazotoka kwenye uti wa mgongo kwenda mikononi na miguuni.

Neva hizo ndizo zinazobeba hisia, zinazoamuru misuli, na zinazosimamia jasho na mishipa midogo ya damu. Zilizo ndefu kuliko zote ni zile zinazofika kwenye vidole vya miguu, na kwa sababu ya urefu wake ndizo zinazoumia kwanza. Ndiyo maana ugonjwa huanzia vidoleni, miguu yote miwili, ukapanda polepole hadi mtu akahisi kama amevaa soksi na kumbe yuko peku. Ukikaribia magoti, ncha za vidole vya mikono nazo huanza kufa ganzi. Wengine huhisi sindano, wengine shoti ya umeme, wengine hawawezi hata kuvumilia shuka kugusa mguu. Na wengine hawahisi chochote. Hao wa mwisho ndio wanaonitia wasiwasi kuliko wote, na ndio hasa ninaowaandikia.

Kisukari ndicho chanzo kikubwa. Karibu nusu ya wenye kisukari hupata madhara haya ya neva katika maisha yao, na hadi nusu ya hao hawana maumivu ya kuwashtua. Utafiti wa kitaifa wa STEPS wa 2015 ulionyesha kuwa karibu watu wazima 88 kati ya kila 100 nchini Kenya walikuwa hawajawahi kupimwa sukari hata mara moja. Kwa hiyo wako wanaogundua kwamba wana kisukari siku ile wanapoletwa hospitali na kidole kilichooza.

Ijara si mahali ambapo watu walizoea kuuona ugonjwa huu kuwa wao. Mfugaji anayetembea na ng'ombe tangu alfajiri, anayeishi kwa maziwa na nyama, angekiogopea nini kisukari? Lakini maisha yamebadilika. Kati ya mwishoni mwa 2020 na mwishoni mwa 2022 misimu mitano ya mvua ilipita bila mvua ya kutosha, mifugo ikafa, na familia nyingi zikasogea karibu na vituo na barabara. Pale chakula ni wali, unga, pasta na chai yenye sukari nyingi, na mwendo ni mfupi. Kuna upande mwingine ambao hausemwi sana: vitamini B12, ambayo neva haziwezi kukaa bila yake, hutoka kwenye maziwa, nyama, samaki na mayai tu. Nyumba iliyopoteza ng'ombe wake imepoteza pia chanzo chake cha vitamini hiyo. Na mwenye kisukari anayemeza metformini kwa miaka mingi yuko kwenye hatari zaidi ya kupungukiwa nayo, hivyo amwombe daktari aichunguze.

Vyanzo vingine vipo. Isoniazidi, dawa ya kifua kikuu, huweza kuumiza neva, na ndiyo sababu mgonjwa hupewa na kidonge cha piridoksini. Asikiache akidhani ni cha ziada. Stavudini, dawa ya zamani ya Virusi vya Ukimwi, iliwaachia wengi miguu inayowaka, hadi Shirika la Afya Duniani liliposhauri mwaka 2009 iondolewe hatua kwa hatua. Ukoma bado upo Kenya, nao huanza na baka la ngozi lililofifia na lisilohisi kitu. Pombe, figo zilizochoka na baadhi ya dawa za saratani zimo pia kwenye orodha. Kila mwenye ganzi ana haki ya kutafutiwa chanzo, maana vingine hutibika kabisa vikiwahiwa.

Sasa tuseme mwenye ganzi ni mzee wa miaka sitini na kitu, amevaa viatu vya matairi, anapita penye mathenge. Mti huu uliletwa maeneo ya Mto Tana katika miaka ya 1980 ili uwe kuni na kinga ya mchanga, na leo umefunga njia na malisho. Mwiba wake mrefu hupenya soli. Mtu mwenye neva nzima angepiga kelele na kuketi chini papo hapo auchomoe. Mzee huyu anaendelea kutembea. Anatembea nao siku tatu, kila hatua ikiusukuma ndani zaidi. Siku ya nne mjukuu anasema kuna harufu. Wakati huo nyama inayozunguka mwiba imeshakufa, usaha umefuata mshipa hadi katikati ya wayo, na safari ya kwenda hospitali ya rufaa ya Garissa inaanza mahali ambapo kibano na maji safi vingetosha.

Dar es Salaam imeshuhudia jambo la kutisha zaidi. Mwaka 2005 Dkt. Zulfiqarali Abbas na wenzake waliandika habari za wagonjwa wa kisukari walioumwa miguu na panya wakiwa wamelala, wasiamke. Miongo kadhaa kabla, daktari Paul Brand alikuwa ameona hayo hayo kwa wagonjwa wa ukoma huko Vellore, kusini mwa India. Watu waliamini ukoma wenyewe hula vidole. Brand akaonyesha kuwa vidole hupotea kwa majeraha ambayo mwenyewe hayahisi, na wagonjwa wake wakapewa paka wa kulala nao ili wawafukuze panya. Baadaye, akiwa Carville huko Marekani, alipeleka maarifa hayo hayo kwa wenye kisukari. Magonjwa mawili tofauti, mguu ule ule.

Kutokana na hilo nasema jambo moja ambalo naliamini kwa dhati: kwa mwenye nyuropathia, mwenzake mwenye ugonjwa huo ni sehemu ya tiba. Kufarijiana ni kwema na kuna nafasi yake, lakini kazi kubwa ni kutazamana miguu. Mzee mwenye kisukari mara nyingi macho yake nayo yamedhoofika, na mgongo haukubali kuinama. Wayo wake hawezi kuuona, na hawezi kuuhisi. Lazima uonwe na mtu mwingine.

Jirani zetu Waethiopia walilifanyia kazi hili. Katika miaka ya 1990, chini ya hospitali ya ALERT ya Addis Ababa, wagonjwa wa ukoma walianza kukutana katika vikundi vya kujitunza. Walikaa pamoja, wakavua viatu, wakakaguana majeraha, wakasuguana sugu na kupakana mafuta. (Wao waliloweka miguu majini, mwenye kisukari asifanye hivyo, ngozi yake hulainika na kupasuka.) Watu waliokuwa wamezoea kuficha miguu yao walikaa nayo wazi mbele ya wenzao, na vidonda vyao vikapata wa kuvifuatilia. Magharibi mwa Kenya, mpango wa AMPATH ulijaribu njia iliyo karibu na hiyo kwa wenye presha na kisukari: mhudumu wa afya aliwafuata watu kwenye kikundi, na kikundi hicho hicho kikawa cha kuweka na kukopeshana pesa. Katika matokeo yaliyochapishwa 2021, presha ya waliopata tiba na akiba pamoja ilishuka kidogo zaidi kuliko ya waliohudumiwa kwa njia ya kawaida, ingawa tofauti hiyo haikufikia kiwango cha uhakika wa kitakwimu.

Ijara ina karibu kila kitu kinachohitajika. Akina mama tayari wana ayuuto, wanachangishana na kupeana zamu kwa zamu. Wanaume wana kivuli cha mti na msikiti. Ni kuongeza tu nusu saa ya miguu. Wanawake wakae kwao na wanaume kwao, maana hakuna mama wa Ijara atakayevua viatu na soksi mbele ya wanaume wasio wake, na hakuna haja ya kumlazimisha. Watu sita hadi kumi wanatosha.

Kipimo cha hisia za miguu hakina gharama. Kilibuniwa katika hospitali ya Ipswich, Uingereza, na kikatangazwa 2011, nacho hutumia kidole cha shahada tu. Mgonjwa anaketi, miguu wazi, macho yamefumbwa. "Abti (mjomba), nikikugusa niambie, kulia au kushoto." Mwenzake anagusa ncha ya kidole gumba cha mguu wa kulia, kwa wepesi, sekunde moja au mbili, bila kubonyeza, kupapasa wala kurudia. Kisha kidole cha mwisho cha mguu huo. Anahamia kushoto: gumba, kisha cha mwisho. Anamalizia na kidole cha kati cha kulia na cha kati cha kushoto. Vidole sita kwa jumla. Asiyehisi viwili au zaidi, hisia zake zimepungua, na aende kituo cha afya hata kama haumwi popote. Baada ya hapo wayo unatazamwa: wekundu, lengelenge, sugu yenye doa jeusi ndani, ufa kisiginoni, uchafu kati ya vidole. Hina ya rangi nyeusi huficha mabadiliko haya, hivyo mwenye ganzi aachie nyayo wazi. Viatu vikung'utwe na kupapaswa ndani kwa mkono, maana kijiwe kidogo kinaweza kumgharimu mtu mguu.

Udhu nao ni nafasi ambayo wahudumu wengi wa afya tumeipita bila kuitumia. Muislamu huosha miguu mara kadhaa kwa siku na kupitisha vidole vya mkono katikati ya vidole vya mguu. Akikausha vizuri hapo katikati na kutazama, amekagua miguu yake kuliko mwongozo wowote unavyomtaka. Maji ya moto apime mwingine, au yeye kwa kiwiko. Ukandaji wa makaa na uchomaji wa ngozi kwa moto, ambao wazee wetu waliutumia kwa maumivu, usiguse kabisa mguu wenye ganzi. Ngozi itaungua na mwenyewe hatajua.

Kuna maneno pia ambayo mgonjwa humwambia mgonjwa mwenzake tu. Dawa inayosaidia wengi ni amitriptilini, kidonge cha bei nafuu kinachomezwa usiku, kwa kuanzia na kipimo kidogo. Hiyo hiyo hutibu huzuni kubwa, na mtu akisikia hivyo hudhani daktari amemwona mwendawazimu, akaitupa. Nikimweleza mimi, ananisikiliza kwa heshima na bado anaitupa. Akielezwa na mtu aliyeitumia, kwamba mdomo utakauka, kwamba utasinzia siku za mwanzo, kwamba nafuu huja baada ya wiki chache na si usiku ule ule, anaivumilia. Wazee, wenye ugonjwa wa moyo na wenye shida ya kukojoa waanze kwa ushauri wa daktari, kwani si kila mtu inamfaa.

Vivyo hivyo kupungua kwa nguvu za kiume, ambako mara nyingi hutokana na neva na mishipa ile ile kuharibiwa na sukari. Mwanamume anaweza kuishi na jambo hilo akidhani ni aibu yake peke yake, au ni kazi ya mkewe na waganga. Chini ya mti, kwa sauti ya chini, atagundua ni wengi.

Kikundi kiwe na mpaka. Asiwepo wa kugawa vidonge vyake kwa jirani, wala wa kumshawishi mwenzake aache insulini kwa ajili ya mitishamba. Na kila mwanakikundi ajue mambo yasiyosubiri mkutano ujao: kidonda chochote cha mguu hata kisichouma, mguu mmoja uliovimba na kuwa wa moto bila jeraha, kwani huenda mifupa inavunjika ndani, na udhaifu unaopanda kutoka miguuni kwa siku chache tu, ambao unaweza kufika kwenye pumzi. Hayo ni ya hospitali siku hiyo hiyo, hata ikibidi kuuza mbuzi kwa nauli.

Septemba 2023 serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya laki moja nchi nzima, ikawapa mikoba yenye vipimo vya sukari na presha. Wengine wao wanapita boma kwa boma katika Ijara hii hii, hadi kwa Waaweer wa msitu wa Boni. Ombi langu kwa idara ya afya ya kaunti ya Garissa ni kwamba kugusa vidole sita kuingizwe katika ziara hizo, na kila anayekutwa na ganzi aunganishwe na wenzake wawili walio karibu naye kabla mhamasishaji hajaondoka bomani. Nawe msomaji, kama kwenu kuna mzee mwenye kisukari, mgusie vidole usiku huu.