Fungu Dogo na Haja Nyingi: Habari za Kata Moja ya Chicago

Kaskazini kabisa mwa jiji la Chicago, pale ambapo nyumba za jiji hukoma ukingoni mwa Ziwa Michigan na mji wa Evanston ukaanza, upo mtaa uitwao Rogers Park, ambao kwa miaka mingi umekuwa makazi ya kaumu za kila namna: Wamarekani weusi na weupe, watu wa asili ya Mexico na Amerika ya Kati, Wahindi na Wapakistani, Waasiria, Warohingya waliokimbia Myanmar, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Loyola, na wazee waliostaafu ambao hawakupata kuishi penginepo tangu ujana wao. Miongoni mwa wageni wa miaka ya karibuni wamo Wakongo waliopitia kambi za wakimbizi za Tanzania, na Kiswahili chao husikika hata katika skuli ya sekondari ya Sullivan, skuli ya serikali iliyojulikana Marekani kwa kupokea watoto wa wakimbizi. Ni mtaa ambao majirani wawili waweza kupanda ngazi moja mwaka mzima wakaamkiana kwa kichwa tu, kwa kuwa hawana lugha ya kusemezana. Na ni mtaa huu, wala si mwingine wenye watu wa lugha moja na pato moja, ulioanza mwaka 2009 jambo ambalo halikuwa limejaribiwa bado katika Marekani, nalo ni kuwaachia wakaaji wenyewe waamue fedha za kata yao zitangulie kutumika wapi.

Chicago imegawanywa katika kata 50, na kila kata ina diwani wake. Kila mwaka hazina ya jiji humpa kila diwani fungu lililo sawa na la wenziwe, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa dola milioni 1.3 hivi, pamoja na orodha ya bei iliyotayarishwa na wahandisi wa jiji: kutia lami kipande cha barabara ni kiasi hiki, kusimamisha taa ni kiasi hiki, kujenga tuta la kupunguza mwendo wa magari ni kiasi hiki. Fungu hilo haliruhusiwi kulipa mishahara ya walimu, wala kununua chakula cha maskini, wala kuendesha madarasa ya jioni. Ni la kazi za ujenzi zinazodumu, basi. Kwa desturi diwani alikaa na orodha hiyo ofisini mwake akachagua peke yake, na maadamu hapana sheria iliyomtaka amweleze mtu sababu za uchaguzi wake, mkaaji wa kawaida aliona barabara ya jirani inatiwa lami na yake imeachwa, asijue ni kwa hujja gani. Joe Moore, aliyekuwa diwani wa kata ya 49 iliyobeba sehemu kubwa ya Rogers Park, alikwisha sikia habari za mji wa Porto Alegre uliopo kusini mwa Brazil, akakata shauri la kuutoa mkononi mwake uwezo huo na kuutia mikononi mwa halaiki.

Porto Alegre yastahili kuelezwa, kwa kuwa ndiko chimbuko la mambo haya yote. Mwaka 1989, baada ya Chama cha Wafanyakazi kushika madaraka ya mji, mitaa ya maskini iliyokaa miaka na miaka bila ya mitaro ya maji machafu wala njia za lami ilifunguliwa milango ya hazina. Mji uligawanywa katika majimbo 16, kila jimbo likafanya mikutano ya hadhara, wakaaji wakataja haja zao kwa daraja, wakachagua wajumbe wa kuzitetea katika baraza la mji mzima. Lakini siri ya Porto Alegre haikuwa mikutano. Siri ilikuwa hesabu iliyofuata mikutano, kwani jimbo lilipewa alama kwa mambo matatu: idadi ya watu wake, upungufu wa huduma iliyokuwa ikizungumzwa, na daraja ambayo wakaaji waliipa haja hiyo. Hivyo mtaa usiokuwa na mitaro ulipata alama nyingi zaidi kuliko mtaa uliotaka kuongeza mitaro juu ya ile uliyokwisha kuwa nayo, hata kama huo wa pili ulileta wasemaji hodari na umati mkubwa zaidi. Mwaka 2017 utaratibu huo ulisimamishwa huko huko ulikozaliwa, na hilo ni onyo la haki kwa kila anayedhani kwamba jambo jema likianza haliwezi kukoma. Lakini kabla ya hapo ulikwisha enea katika mamia ya miji ya dunia, na bajeti shirikishi, kama iitwavyo siku hizi, ikawa ilimu inayosomeshwa katika vyuo.

Katika Rogers Park kazi ilianza kwa mikutano ya ujirani. Watu walikusanyika katika vyumba vya skuli na vya makanisa, wakaelezwa fungu ni kiasi gani na laweza kununua nini, kisha wakaombwa waseme mtaa wao unahitaji nini. Waliojitolea wakagawanyika katika kamati, hii ikatazama usafiri, hii bustani, hii sanaa, hii usalama wa njia, na kwa miezi kadhaa wakaifanya kazi ambayo mtazamaji wa nje haioni, nayo ndiyo iliyo nzito kupita zote: kuyageuza malalamiko kuwa miradi. Mtu akisema njia za waendao kwa miguu zimeharibika, amesema kweli, lakini hajasema jambo linaloweza kupigiwa kura. Ni lazima wenziwe watoke wakatazame bamba gani la zege limeinuliwa na mizizi ya mti, lipi limepasuliwa na baridi ya siku za theluji, pembe gani ya barabara haina mteremko wa kumwezesha mama mwenye kigari cha mtoto au mzee wa kiti cha magurudumu kuvuka. Waandike, wapime, wamwulize mhandisi bei, mhandisi awaambie kwamba pahali fulani ni mali ya shirika la reli na jiji halina idhini ya kupagusa, warudi wapunguze, waandike tena. Diwani wa zamani alikuwa na makarani wa kumfanyia haya. Wakaaji waliyafanya usiku, baada ya kutoka kazini.

Siku ya kura, katika majira ya kuchipua ya mwaka 2010, mlango ulifunguliwa kwa kila mkaaji wa kata aliyetimiza miaka 16, awe raia au si raia, awe ameandikishwa katika daftari la wapiga kura au hakuandikishwa. Sharti hili moja ndilo lililobadili sura ya jambo zima, maana katika mtaa wa namna ile watu wengi hulipa kodi za nyumba na za dukani, husomesha watoto na huzoa theluji mbele ya milango yao, nao katika uchaguzi wa kawaida hawana sauti kabisa. Walipiga kura zaidi ya watu 1,600, na katika miradi 36 iliyokuwa karatasini 14 ilipata fedha, ya kwanza ikiwa ile ile ya kutengeneza njia za waendao kwa miguu. Kadhalika zilipita taa, njia za baiskeli na uwanja wa kuchezea mbwa uliozungushiwa ua.

Uwanja wa mbwa umezua maneno mengi, nami sioni vema kuupita kimya. Hapana ubaya mtu kutaka mahali pa kumfungulia mbwa wake katika jiji la ghorofa, na waliouomba waliuomba kwa njia ya halali. Lakini tazama ni nani awezaye kuhudhuria mikutano ya jioni kwa miezi sita mfululizo: ni mwenye kazi ya mchana yenye saa maalumu, mwenye nyumba yake anayetarajia kukaa miaka kumi mingine, mwenye Kiingereza cha kusoma michoro ya wahandisi bila ya kusaidiwa. Mpishi wa hoteli hakuweza kuja, kwa kuwa saa hizo ndizo za jikoni. Mama wa Kimexico mwenye watoto watatu hakuja, kwa kuwa barua ya mwaliko ilikuwa kwa lugha asiyoisoma. Mkimbizi aliyewasili mwaka uliopita hakuja, kwa kuwa huko alikotoka mwaliko wa serikali aghalabu haukuwa habari ya kheri. Waliokuja katika mwaka ule wa kwanza walikuwa kwa wingi weupe, wenye elimu na wenye nyumba, kupita walivyo katika hesabu ya wakaaji wote wa kata. Kura ilikuwa ya haki, na hesabu yake ilikuwa sahihi. Kasoro ilikuwa imekwisha ingia miezi kadhaa nyuma, wakati wa kuamua ni nini kitakachoandikwa karatasini.

Wakaaji wenyewe waliliona jambo hili, na dawa waliyoitafuta yafaa kuigwa. Iliundwa kamati ya wasemao Kihispania, ambayo haikuwa kamati ya kutarjumu karatasi za wengine tu, bali ya watu kukaa wakazungumza haja zao kwa lugha yao tangu mwanzo hata mwisho. Tafauti ya mambo haya mawili ni kubwa. Mtu anayetafsiriwa mkutano wa wengine hujibu maswali ya wengine; mtu anayezungumza katika baraza lake huuliza swali lake mwenyewe. New York, ilipoanza utaratibu huu mwaka 2011 katika kata nne za baraza lake, ilijifunza kutoka hapo, ikapiga chapa karatasi za kura kwa Kihispania, Kichina, Kibengali na lugha nyinginezo kwa kadiri ya wakaaji wa kila mahali, na baadaye ikateremsha umri wa mpiga kura hata watoto wa miaka 11 wakaingia. Wapo walioliona jambo hilo kuwa ni mchezo. Mimi naona mtoto avukaye barabara mbovu mara mbili kila siku kwenda skuli ni shahidi bora wa barabara ile kuliko mhandisi aliyeipita kwa gari.

Taabu ya pili ni mzozo wa lipendezalo na lilazimulo. Uwanja wa michezo au michoro ya kupamba kuta zilizo chini ya madaraja ya reli huchangamsha moyo wa mpiga kura. Mashimo ya barabara hayana mshabiki. Rogers Park ilipata njia ya insafu: katika karatasi ile ile ya kura, mkaaji aliulizwa kwanza ni sehemu gani ya fungu zima iwekwe kwa kutia lami na kazi nyingine za lazima, ndipo akachagua miradi itakayogawana salio. Hapa wakaaji wanaamua mambo mawili kwa pamoja, yaani kiasi cha wajibu na kiasi cha ikhtiyari, na hapana anayeweza kusema baadaye kwamba bustani iliila barabara bila ya yeye kuulizwa.

Taabu ya tatu haimo katika uwezo wa kata, nayo ndiyo kubwa. Fungu la Chicago ni sawa kwa kila kata, na usawa wa namna hiyo si uadilifu. Kata yenye barabara nyingi za zamani na taa zilizokufa hupokea dola zile zile zinazopokewa na kata ambayo mambo yake ni mazuri, na mkaguzi mkuu wa jiji aliandika mwaka 2017 kwamba mgawo huo haulingani na haja halisi za mahali. Hata wakaaji wakipanga vizuri namna gani vipaumbele vyao, ikiwa kipimo cha fungu lenyewe ni kibovu watakuwa wamegawana upungufu kwa adabu. Ndiyo maana naamini kwamba miji iliyoiga kura ya Porto Alegre ikaziacha alama zake imechukua nusu ya jambo, tena nusu iliyo nyepesi. Kura hupima matakwa ya waliofika. Hesabu ya upungufu huwasemea wasiofika, na katika mtaa wa watu mchanganyiko wasiofika ndio wengi siku zote. Kwa hiyo hesabu na itangulie, kura ifuate.

Hata hivyo matunda ya Rogers Park si ya kudharauliwa, na moja halikuwa katika karatasi yoyote ya kura. Katika wakaaji walioingia mikutano ile ya kwanza ya mwaka 2009 alikuwamo mwanamke aitwaye Maria Hadden, ambaye alijifunza humo mambo ya fedha za umma, akaendelea kuwafundisha watu wa miji mingine, na mwaka 2019 akagombea udiwani wa kata ile ile dhidi ya Joe Moore mwenyewe, akamshinda. Kata iliyowafundisha watu wake kusoma orodha ya bei ilikuwa imewafundisha pia kumpima diwani.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki habari hizi si za kigeni kama zinavyodhaniwa. Mikutano ya mtaa ya Tanzania imekusudiwa wakaaji wataje vikwazo na fursa zao wenyewe kabla ya mipango kupanda halmashauri, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 201, imetaja ushiriki wa umma kuwa ni msingi wa mambo ya fedha za nchi. Katika Eastleigh ya Nairobi au Majengo ya Mombasa, ambamo Msomali, Mmeru, Mswahili, Mkamba na mgeni wa Kongo hukaa ukuta kwa ukuta, maswali ni yale yale: mkutano unafanywa saa ngapi, kwa lugha gani, na bei ya kila kazi imebandikwa wapi. Aghalabu watu hungoja makadirio ya bajeti yanapojadiliwa, wakajazana ukumbini kudai taa na mitaro, wakaambiwa kwamba miradi imekwisha pangwa. Na huo ndio ukweli, kwa sababu sheria ya Kenya huitaka kila kaunti iwasilishe mpango wake wa maendeleo wa mwaka mbele ya bunge la kaunti isipite tarehe 1 Septemba, miezi mingi kabla ya bajeti kupitishwa. Mwenye haja na mtaa wake, basi, na afike katika mikutano ya kata kabla ya tarehe hiyo, adai orodha ya bei kwa maandishi, na amchukue pamoja naye jirani ambaye hakualikwa.