Kazi Iliyo Nyuma ya Kicheko

Katika mji wa New York, nchi ya Marekani, uko mchezo wa kuchekesha uitwao Saturday Night Live. Ulianza tarehe 11 Oktoba 1975, nao huonyeshwa katika televisheni Jumamosi usiku, palepale unapochezwa. Watazamaji hudhani kwamba wachezaji husema lo lote liwajialo kinywani. Sivyo.

Jumanne watungaji hukesha wakiandika. Jumatano vichekesho kama 40 husomwa mezani mbele ya wenzao, na vingi hukataliwa. Kwa vile vilivyosalia, mafundi hushona mavazi na maseremala hujenga vyumba vya mchezo. Jumamosi, saa 2 usiku, huchezwa kwanza mbele ya watu kwa kujaribiwa. Kisichochekesha huondolewa, ijapokuwa mtungaji alikikesha. Maneno yakibadilishwa, huandikwa upya kwa mkono juu ya makaratasi makubwa, ambayo wachezaji huyasoma wakicheza. Ikifika saa 5 na nusu, mchezo huanza, wawe tayari wasiwe tayari.

Basi kicheko cha dakika tano ni jasho la juma zima. Naye ambaye kichekesho chake kiliondolewa, Jumanne hushika kalamu tena.