Mbegu ya Viazi Inataka Mwanga, Siyo Jua

Ndugu mkulima wa viazi mviringo, wewe wa Makete, Njombe au Lushoto: ukishavuna, mbegu unaiweka wapi? Wengi wetu tunaimwaga kwenye kona ya chumba, rundo moja, halafu tunafunga mlango. Siku ya kupanda tunakuta machipukizi marefu, meupe, yamesukana kama nywele. Ukiinua kiazi tu, chipukizi linakatika. Tunapanda kiazi kilichochoka, na shamba linaota mapengo mapengo.

Sababu ni giza. Chipukizi likiwa gizani linatafuta mwanga. Linarefuka, linarefuka, na chakula chake linakila mle mle ndani ya kiazi. Likipata mwanga linaacha kukimbia. Linakaa fupi, nene, la kijani au zambarau, nalo limeshika imara.

Lakini mwanga gani? Hapa ndipo watu hukosea. Mtu akisikia mwanga, basi anaanika mbegu juani. La! Jua kali linachemsha kiazi, kinaoza. Tunataka mwanga wa kivulini, kama ule wa chini ya upenu, unaokutosha kusoma gazeti hili.

Tena mwanga haupindi kona. Kiazi cha juu kinakinyima cha chini. Kwa hiyo rundo halifai, hata chumba kikiwa na madirisha manne. Tengeneza vichanja vya mianzi au mabanzi, uache nafasi kati ya banzi na banzi ili mwanga na hewa vipite hata kutoka chini. Panga viazi safu mbili, zisizidi tatu. Kuta zisizibwe kwa udongo; weka fito au wavu. Paa literemke kuzuia jua na mvua.

Je, taa inafaa? Inafaa, ikiwekwa vizuri. Uingereza kuna wakulima wanaotundika taa ndefu za umeme katikati ya trei za mbegu zilizopangwa juu kwa juu. Hawazitundiki darini, maana trei ya juu peke yake ingefaidi. Tena kadiri taa inavyokuwa mbali, ndivyo mwanga unaofika unavyopungua. Sisi mwanga wa mchana tunao bure, unaingia pande zote. Ghala la vichanja namna hii lilienezwa miaka ya 1970 na 1980 na Kituo cha Kimataifa cha Viazi, kilichoanzishwa mwaka 1971 huko Lima, Peru.

Kila wiki pitia vichanja, toa viazi vilivyooza. Tazama vidukari kwenye machipukizi. Wanabeba magonjwa ya virusi, na mbegu iliyougua huzaa viazi vidogo.

Jambo moja waambie wote nyumbani. Kiazi kikikaa kwenye mwanga kinakuwa kijani, na kinaingia sumu ambayo haitoki kwa kuchemsha. Hicho ni cha kupanda tu. Usikipike, wala usiwape mifugo.