Daftari Nalo Lahitaji Jabia

Mali bila daftari hupotea bila habari. Wahenga hawakuijua kompyuta, lakini methali yao yatugusa sisi walimu na wanafunzi wa leo. Nami naongeza: daftari lenyewe lahitaji nafasi, na nafasi hiyo sharti ipigiwe hesabu mapema.

Hifadhidata madhubuti huandika kila badiliko katika daftari la marejesho kwanza, ndipo iliingize diskini mahali pake. Mwaka 1992, C. Mohan na wenzake wa kampuni ya IBM waliieleza kinaganaga njia ya kurejesha data kwa daftari hilo. Diski ikiharibika, fundi huchukua nakala ya akiba ya mwisho, kisha huyarudia mabadiliko yaliyoandikwa baada yake.

Je, nafasi kiasi gani yatosha? Wengi hudhani kwamba daftari hufuata ukubwa wa hifadhidata. Sivyo. Katika visiwa vya Lamu watu hukinga maji ya mvua katika jabia. Mwenye kujenga jabia haulizi nyumba ina vyumba vingapi. Huuliza maji yatumikayo kwa siku, na siku za kiangazi. Daftari nalo hupimwa kwa mabadiliko ya siku, na siku zilizo baina ya nakala mbili.

Tuchukue mfano wa kubuni wa hospitali kisiwani Pate. Mabadiliko ni 4,000 kwa siku, kila moja baiti 5,000: hizo ni megabaiti 20. Nakala hufanywa kila siku 7, lakini nakala mpya yaweza kuwa mbovu, hivyo ya awali na daftari lake hubaki: siku 14. Upepo wa kusi ukiichelewesha mashua ipelekayo nakala Mokowe, tuongeze siku 3. Siku 17 ni megabaiti 340. Kwa ajili ya siku za shughuli nyingi, tuongeze nusu: 510.

Nafasi ikijaa, hifadhidata nyingi husimama. Mgonjwa yuko mlangoni, jina lake haliingii. Naye karani akifuta kipande cha daftari ili apate nafasi, hukata mnyororo; yaliyoandikwa baada ya kipande hicho hayarejesheki kutoka nakala ya zamani.

Walimu wenzangu, tusiwafunze vijana kubonyeza vitufe tu. Tuwape hesabu hii. Ni kuzidisha na kujumlisha, na aijuaye hangoji kiangazi ndipo achimbe jabia.