Shibe ya mahindi inavyomuua ng'ombe

KISA hiki si kigeni kwa wafugaji wa maeneo yanayokuza mahindi. Wakati wa mavuno, ng'ombe wa maziwa hukata kamba usiku, akaingia ghalani na kujilia mahindi yaliyopukuchuliwa hadi akatosheka. Asubuhi hupatikana amelala, macho yamezama na majani hayataki. Kabla ya siku mbili kwisha, huenda akawa amekufa.

Hapo ndipo maneno huanza. Mwenye ng'ombe hushuku kwamba jirani amemtilia mnyama wake sumu, na ujirani wa miaka mingi ukavunjika. Lakini mara nyingi hapakuwa na sumu wala mkono wa mtu. Muuaji ni shibe yenyewe, na ili kuelewa jambo hilo hatuna budi kuchungulia ndani ya tumbo la mnyama huyu.

Tumbo la binadamu ni mfuko mmoja. La ng'ombe, sawa na la mbuzi na kondoo, lina vyumba vinne. Chumba cha kwanza, ambacho wataalamu hukiita rumeni, ndicho kikubwa zaidi, na katika ng'ombe mzima kinaweza kubeba zaidi ya lita 100. Cha pili kina kuta zilizofumwa kama sega la nyuki, na walaji wa matumbo wanakifahamu vyema. Cha tatu kina kurasa mithili ya kitabu. Cha nne ndicho kinachofanana na tumbo la mtu, kwani ndicho hutoa asidi na vimeng'enya vya kusaga chakula.

Ng'ombe hana meno ya mbele kwenye ufizi wa juu. Huzoa nyasi kwa ulimi, akazitafuna kidogo na kuzimeza. Baadaye, akiwa amepumzika kivulini, huzirudisha kinywani na kuzitafuna upya. Huku ndiko kucheua, kazi inayoweza kuchukua saa nane kwa siku.

Wakati wa kucheua, mate humtoka kwa wingi, na kwa siku moja yanaweza kupita lita 100. Mate hayo yana chumvi iliyo jamaa ya magadi, nayo hupunguza ukali wa asidi ndani ya rumeni.

Ajabu ni kwamba mwili wa ng'ombe hauna uwezo wa kuvunja nyuzi ngumu za nyasi. Kazi hiyo hufanywa na wapangaji: mabilioni ya bakteria, protozoa na kuvu wanaoishi katika rumeni yenye joto na isiyo na hewa ya oksijeni. Hawa huchachusha nyasi na kutoa asidi nyepesi, ambazo hupenya ukuta wa rumeni na kuingia katika damu. Ng'ombe hupata sehemu kubwa ya nguvu zake kutokana na asidi hizo, na ini lake hugeuza mojawapo kuwa sukari inayohitajika kutengeneza maziwa.

Wapangaji hawa hulipa kodi mara ya pili. Wanaposombwa pamoja na chakula hadi chumba cha nne, wao wenyewe husagwa. Protini ya miili yao hufyonzwa katika utumbo mwembamba, ambao ukuta wake umejaa vijinyuzi vidogo vinavyoongeza eneo la kufyonza virutubisho.

Kwa hivyo, mfugaji anapomlisha ng'ombe, kwanza anawalisha vijidudu hao. Waliozoea nyasi si wale wanaostawi kwa nafaka. Mahindi mengi yakiingia kwa ghafla, bakteria wanaopenda wanga huongezeka upesi na kutoa asidi kali ya laktiki. Wale wa nyasi hufa. Asidi hiyo huunguza ukuta wa rumeni, huvuta maji kutoka kwenye damu, kisha huingia katika damu yenyewe. Ndiyo maana macho ya mnyama huzama: amekaukiwa na maji mwilini ilhali tumbo lake limejaa.

Hatari hii huwanyemelea pia wafugaji wa maeneo kame. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022, misimu mitano ya mvua ilifuatana bila mvua ya kutosha kaskazini mwa Kenya, na mifugo wengi wakafa kwa njaa. Mnyama aliyekonda hivyo hawezi kuokolewa kwa debe la mahindi, kwani hata wapangaji wake wamepungua. Aanze na nyasi kavu na maji, nafaka ikiongezwa kidogo kidogo.

Hata kwa ng'ombe mwenye afya, mabadiliko ya lishe yachukue wiki mbili hadi tatu. Apewe majani kabla ya nafaka, na mlango wa ghala ufungwe kwa komeo imara, si kwa kamba.

Akishakula mahindi kupita kiasi, mwite daktari wa mifugo mara moja, kabla hata ya dalili kuonekana. Daktari anaweza kutoa dawa ya kupunguza asidi, au kupasua rumeni na kuondoa mahindi. Wakati mwingine humnywesha mgonjwa maji ya rumeni ya ng'ombe mwenye afya ili kurejesha vijidudu waliokufa.

Iwapo mnyama atakufa ghafla, usimpasue wala kugawa nyama yake, maana kimeta pia huua kwa ghafla na humwambukiza binadamu. Mwachie daktari aamue chanzo cha kifo. Na jirani asitajwe kabla daktari hajasema.